Jiko na choo cha uani katika nyumba ya mawe Mikindani: tukarabati au tubomoe?

Mrithi wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na nyumba za mawe za pwani yetu ya kusini.

Familia yetu ina nyumba ya matumbawe na chokaa hapa Mikindani, yenye baraza mbele, mlango wa kuchonga, na ua nyuma uliozungushiwa ukuta. Nyumba kubwa ingali imara. Kinachotusumbua ni majengo madogo ya uani: jiko la vyumba viwili ambalo ukuta wake mmoja umeinama kuelekea nje na makuti yake yameoza, stoo iliyobaki nusu, na choo cha shimo kisichotumika tena. Fundi tuliyemwita ameshauri tubomoe vyote, kisha tujenge banda moja la tofali za bloku lenye jiko, stoo na choo cha kuvuta maji, likiegemea ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa ili tuokoe gharama ya ukuta mmoja.

Shangazi yetu, ambaye ndiye anayeishi humo, anataka choo kiwe tayari kabla ya mvua za Desemba, na kwa umri wake sina la kumpinga. Hata hivyo, kila nikilitazama lile jiko naona kwamba limejengwa kwa mawe yaleyale na mkono uleule uliojenga nyumba kubwa, na nasita kulibomoa. Je, majengo ya namna hii yanastahili kuhifadhiwa, au thamani iko kwenye nyumba kubwa peke yake? Na kama tutajenga choo kipya, kikae wapi na kiwe cha namna gani? Niongeze kwamba plasta ya saruji iliyopakwa zamani sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma inabanduka, na juu yake ukuta unatoa unga mweupe.

Fundi wa Chokaa, Lindi

Mwanangu, nianze na huo unga mweupe, kwa sababu ndio unaojibu nusu ya maswali yako. Hiyo ni chumvi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo huyeyusha chumvi iliyomo katika mawe na katika mchanga. Ukuta ukiwa umepakwa chokaa, maji hutoka taratibu kama mvuke na ukuta ukakauka. Ukipakwa saruji, njia hiyo huzibwa, maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yanapotokea huiacha chumvi hapo, nayo inapoganda hutafuna plasta na jiwe kwa ndani. Gonga ile plasta ya saruji kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa uwazi, basi imekwisha kuachana na jiwe. Hiyo ibandue polepole kwa patasi na nyundo ndogo, uuache ukuta upumue kiangazi chote, ndipo upake chokaa.

Sasa fikiria banda la bloku limeegemezwa kwenye ukuta huohuo, na ndani yake kuna choo na bomba la maji. Ukuta ambao tayari unalia kwa unyevu utafungwa upande mzima, na bomba likivuja hutajua mpaka boriti za dari zianze kuoza. Gharama ya ukuta mmoja mnayookoa leo mtailipa kwa nyumba kubwa. Usikubali.

Kuhusu jiko, usiseme limekufa kabla hujajua lilianza kuugua wapi. Ukuta wa mawe hauinami bure. Angalia maji ya paa la nyumba kubwa yanadondokea wapi; mara nyingi utakuta yanamwagikia palepale kwenye pembe iliyoinama, na udongo wa chini ya msingi umechukuliwa. Yaelekeze kwingine kwanza. Kisha uegemeze ukuta kwa miti, ufungue ile sehemu iliyoinama tu, na uijenge upya kwa mawe yaleyale. Hayo ni mawe yasiyochongwa, kwa hiyo si lazima kila moja lirudi mahali pake, lakini makubwa yarudi chini na kwenye pembe. Usiyakubalie yatumike kujaza msingi wa kitu kingine, maana mafundi wa siku hizi hupenda sana jambo hilo.

Chunguza boriti zake pia. Katika jiko, sehemu ya katikati iliyokula moshi wa kuni kwa miaka mingi huwa nyeusi tii na ngumu, wadudu hawaigusi. Ncha zilizozama ukutani ndizo huoza, kwa sababu ukuta umelowa. Ichome ncha kwa msumari mrefu. Ukizama kwa urahisi, boriti hiyo ina ugonjwa hata kama katikati inaonekana nzima.

Mkazi wa Ligula

Kwa heshima zote kwa Mzee wangu, naona tunamtwisha mwenzetu mzigo. Kiwanda kikubwa cha saruji kimekuwa kikizalisha hapahapa Mtwara tangu 2015, bloku zinafyatuliwa kila mtaa, na fundi wa bloku unampata kesho asubuhi. Fundi wa chokaa unamtafuta kwa tochi. Watalii wanapiga picha milango na baraza. Hakuna anayezunguka uani kutazama jiko la kuni. Kama fedha ni kidogo, zielekezwe kwenye nyumba kubwa, na jiko libomolewe kwa amani.

Msanifu, Mtwara

Ndugu yangu wa Ligula ana hoja kuhusu fedha, ila sikubaliani naye kuhusu uani. Nyumba hizi hazikupangwa kwa ajili ya mpiga picha. Mbele palikuwa pa wageni na biashara. Nyuma ndipo palipokuwa na kisima, moto, kufua, kukoboa nafaka na mazungumzo ya akina mama. Ukiondoa majengo ya uani, unabaki na sura ya nyumba bila maisha yake. Zaidi ya hayo, ukuta wa jiko mara nyingi ndio pia ukuta wa ua, ukiubomoa unaulegeza na huo mwingine.

Pendekezo langu ni kutenganisha mambo mawili ambayo fundi wenu ameyachanganya. Jiko lina umbo, lina kuta tatu nzima, na linaweza kuendelea kuwa jiko: likarabatiwe. Choo ni hitaji jipya: kijengwe kipya, kwa bloku na saruji kabisa, lakini kisimame peke yake. Hapa ndipo napishana na wahifadhi wenye msimamo mkali wanaotaka kila kitu kionekane cha kale. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani kote huurejea, unataka kazi ya nyongeza itofautike na jengo la asili na ioneshe alama ya wakati wake. Choo cha bloku kisijifanye kuwa cha matumbawe. Kiwe kifupi kuliko jiko, kiwe na umbo rahisi la pembe nne, kipakwe rangi ya chokaa isiyopiga kelele, na kisionekane kutoka barazani mlango wa mbele unapokuwa wazi.

Kwa umbali, acheni angalau njia ya mtu kupita na mkokoteni kati ya choo na ukuta wowote wa zamani, ili hewa ipite na ukuta ukaguliwe na kupakwa chokaa pande zote. Sakafu ya uani iwe na mteremko unaotoka kwenye nyumba, na msiufunge ua wote kwa zege. Zege likikutana na ukuta, maji ya ardhini hukosa pa kwenda ila kupanda ukutani. Changarawe inatosha.

Shimo la maji taka ndilo gumu zaidi. Miongozo ya afya hutaka shimo liwe mita 30 kutoka chanzo cha maji, na nyua nyingi za Mikindani hazina urefu huo. Kama kisima cha uani bado kina maji, yatumieni kwa kufulia na kumwagilia, msiyanywe. Shimo liwe upande wa chini wa mteremko, mbali na misingi, na mkichimba mkakuta vigae vya vyungu vya kale au shanga, simamisheni kazi na mumwone afisa utamaduni, kwani watu wameishi kandokando ya ghuba ya Mikindani kwa karne nyingi. Kibali cha ujenzi ombeni Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani kabla ya kuchimba, mkiambatanisha mchoro wa ua mzima na picha za kila ukuta zenye futi kamba pembeni.

Mrithi wa Mikindani

Nawashukuru sana. Mzee, nimegonga ile plasta na mlio ni kama ulivyosema, na maji ya paa yanadondokea kwenye pembe ileile ya jiko. Naomba mnisaidie jambo lingine: boriti tatu ncha zake zimeoza. Nitapata wapi za mikoko, na chokaa nzuri nitaijuaje?

Binti Kivinje

Kaka, usikate mkoko wala usinunue kwa mtu wa njiani. Mikoko ni misitu ya hifadhi na kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kama boriti ni ndefu ya kutosha na chumba kina upana wa kawaida wa nyumba zetu, yaani mita mbili na nusu hadi tatu, mnaweza kukata ncha iliyooza na kuikalisha sehemu nzima juu ya mhimili wa mbao ngumu uliowekwa kando ya ukuta bila kuugusa. Nimeona kazi ya namna hiyo ikifanyika huku Kilwa Kivinje, ambako nyumba nyingi zilianza kuanguka upande wa uani kwa sababu hakuna aliyepanda kuziba paa la jiko.

Mkiwa kwenye matengenezo, lindeni pia ule mlango wa mbele. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za kuchonga zilizotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1940, na wanunuzi hujitokeza hasa wakati nyumba iko wazi kwa ajili ya ujenzi. Na kuhusu fundi, waulizieni Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliondolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini baada ya ukarabati, na wapo watu walioshika chokaa katika kazi zile.

Fundi wa Chokaa, Lindi

Binti amesema vyema. Kuhusu chokaa, usinunue iliyochomwa kutokana na matumbawe hai ya baharini. Ni kuua mazalia ya samaki. Mawe ya nchi kavu yanatoa chokaa nzuri. Iloweke ndani ya pipa mapema, ikae majuma kadhaa ikiwa imefunikwa kwa maji, mpaka iwe laini kama siagi. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga uwe wa mto uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na utakuwa umerudisha adui ndani ya nyumba. Paka matabaka membamba, lowesha ukuta kabla, kisha funika kwa magunia yenye unyevu ili jua lisiikaushe kwa pupa. Chokaa hukomaa kwa hewa na muda, kwa hiyo kazi hii imalizike Oktoba. Choo cha Shangazi kinaweza kuendelea sambamba, maana bloku hazingoji.

Mrithi wa Mikindani

Tumekubaliana nyumbani: jiko litakarabatiwa, stoo itasubiri, choo kitasimama peke yake kwenye pembe ya chini. Kaka anapendekeza tangi la maji liwekwe juu ya paa la nyumba kubwa ili maji yawe na msukumo. Mnasemaje?

Msanifu, Mtwara

Hapana. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na boriti zile hazikuwekwa kwa mzigo wa namna hiyo uliosimama mahali pamoja, achilia mbali maji yatakayomwagika likifurika. Fundi wa choo ainue kuta zake, aweke jamvi la zege lenye nondo juu, na tangi likae hapo. Bomba la kufurika lielekezwe kwenye mtaro, lisimwagie ukuta wa ua.