Mnaookota vigae Kilwa Kisiwani na kuondoka navyo, mnatuibia ushahidi

Wakuu, salaam. Nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nimerudi jana kutoka Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, na usiku sikulala vizuri.

Tulivuka kwa mashua kutoka mji wa Kilwa Masoko, watu kumi na mmoja, sita wageni kutoka nje na sisi watano wa nyumbani. Kiingilio tulilipa wote, mwongozaji tukapewa. Tuliposhuka pale chini ya Gereza, ile ngome ya kale, kabla hata ya kufika Msikiti Mkuu, mwongozaji akainama ufukweni, akaokota kigae cha kijani, kipande cha chombo kilichovunjika, akakifuta kwenye suruali na kumkabidhi mama mmoja katika kundi. "Zawadi yako hii. Cha Mchina, kina miaka mia saba." Yule mama alifurahi sana, na wengine wakachukulia kwamba ni ruhusa. Kuanzia hapo hakuna aliyetazama kuta tena, kila mtu macho chini. Tulipofika Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, kijana mmoja, Mtanzania mwenzangu, mkoba wake wa mgongoni ulikuwa ukitikisika unasikia vinagongana.

Nikamwuliza, "Kaka, hivyo unavipeleka wapi?"

"Dada, huku vimejaa, hata tukibeba gunia haviishi. Mke wangu anatengeneza hereni."

Nikamfuata mwongozaji. Ni mtu mzima, wa rika la baba yangu, nilimwamkia asubuhi kwa heshima zote. Nikamwambia, "Mzee wangu, samahani, hili si sawa." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mgeni akiondoka mikono mitupu hatoi kitu, na mimi hapa nakula kwa bakshishi." Huyu mzee simlaumu sana, na nitarudi kwake. Niliporudi Masoko nikaingia ofisini kutoa taarifa. Niliyemkuta hakuinua uso kwenye simu. "Ni vigae tu, dada. Kama una malalamiko andika barua."

Ni vigae tu!

Sasa naomba mnisikilize, hasa ninyi mnaokwenda huko kila sikukuu na kupiga picha.

Kile kigae cha kijani kinaitwa seledoni. Vingi vya namna hiyo vilichomwa kwenye matanuri ya Longquan, mkoa wa Zhejiang, kusini-mashariki mwa China. Vikateremshwa hadi bandari kama Quanzhou, vikapakiwa kwenye majahazi ya kwenda bandari za India, huko vikabadilisha mikono, pengine zaidi ya mara moja, ndipo vikaja huku na kaskazi pamoja na nguo za pamba na shanga za Gujarat. Kilwa ilikuwa karibu na ukingo wa mbali ambao chombo cha Uarabuni au India kingeweza kufika na kurudi kwa upepo wa msimu mmoja. Ukizidi kwenda kusini, kusi inakukuta njiani. Ndiyo maana dhahabu kutoka bara ya Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikaletwa na vyombo vya pwani hadi Kilwa, na hapo ndipo wa Mashariki na wa huku walipokutana kubadilishana. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watu waliofanywa watumwa pia walipita hapo, tusijifanye hatujui. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema.

Haya yote tunayajuaje? Maandishi ni machache. Ibn Battuta hakukaa sana. Kilichobaki kueleza nani alifanya biashara na nani, lini, na kwa wingi gani, ni udongo na vilivyomo ndani yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kilwa ni vile vigae, na kurasa zake ni matabaka ya ardhi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale miaka ya 1960, aliweza kupanga vipindi vya mji ule kwa kuangalia, pamoja na mengine, chombo gani kimelala sakafu gani. Kigae cha Kichina kikikutwa chini ya sakafu, unajua sakafu haikujengwa kabla ya chombo hicho kuwapo. Kikitoka hapo kikaingia kwenye mkoba wa mtu, kinakuwa kipande cha sahani.

Mtaniambia vya juu ya ardhi vimeshavurugwa, havina tabaka. Nilijua mtasema. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Watafiti hawatafuti vya kung'aa. Wanahesabu vyote, vya juu na vya chini. Katika miji yetu ya kale ya pwani vyungu vya kienyeji, vile vya udongo wa kahawia vilivyofinyangwa na mama zetu, ndivyo vingi kupita kiasi, na vya kutoka nje ni sehemu ndogo. Uwiano huo ndio unaosema mengi: nyumba ipi ilikuwa na uwezo, mtaa upi ulipokea wageni, karne ipi biashara ilipanda na ipi ilishuka. Sasa ninyi mnaokotaje? Hakuna aliyeinama jana kuchukua kipande cha chungu cha kupikia. Mnachagua cha kijani, cha buluu na nyeupe, cha rangi ya maji ya bahari kilichotoka Uajemi au Iraki. Mnaacha vya kahawia. Kila mashua inayovuka inapunguza upande mmoja tu wa mizani. Atakayekuja kuhesabu baada ya miaka 30 ataandika kwamba eneo lile la Kilwa halikuwa na uhusiano mkubwa na China, na atakuwa amehesabu kwa uaminifu kabisa. Mtakuwa mmebadilisha historia ya mji kwa ajili ya hereni.

Mfano mwingine, huu si wa kufikirika. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Baadaye ikajulikana kwamba tano kati yake ni sarafu za shaba za Kilwa. Za Kilwa, jamani, upande wa pili wa bahari! Lakini zilitolewa mchangani bila kuchimbwa kwa utaratibu, hakuna tabaka, hakuna kilichoandikwa zilikuwa zimelala na nini. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje: zilikwenda na Wareno, na wafanyabiashara wa visiwa vya Indonesia, au zilianguka kwa mtu miaka mia mbili tu iliyopita? Linganisha na sarafu ya yule yule Sultani al-Hasan iliyopatikana Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale huko bara. Moja tu, lakini mahali ilipopatikana panasema habari nzima ya njia ya dhahabu.

Na si vya chini tu. Ingieni Msikiti Mdogo wa Kuba, inueni macho. Mafundi walipachika mabakuli yenye rangi ndani ya dari, yaani chombo kilichosafiri bahari nzima hakikuwekwa kwa ajili ya kulia chakula, kiliwekwa juu kipambe nyumba ya ibada. Hapo ndipo unapoona kwamba watu wa Kilwa hawakuwa wanapokea tu. Walichukua cha mgeni wakakipa kazi yao wenyewe. Mabakuli machache bado yapo, mengine yamebaki matundu. Nendeni Kunduchi, hapo hapo Dar es Salaam, mkaone nguzo za makaburi zilizokuwa zimepambwa kwa sahani namna hiyo hiyo, mhesabu matundu.

Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza, alipita huku mwaka 1955 akasema hajapata kuona vyombo vya kauri vilivyovunjika vingi kama kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa, na kwamba kuanzia karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kwa maoni yangu aliwasahau wafinyanzi wetu. Lakini vingi kweli alivikuta.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na haikumpa mtalii ruhusa ya kujichotea. UNESCO iliyaandika magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta. Ukuta ukianguka kila mtu anaona. Kigae kikiondoka, hakuna anayejua kilikuwepo.

Ninachotaka ni hiki. Abiria waambiwe kabla ya kupanda mashua, si kwa kibao kilichofifia bali kwa mdomo, na mikoba iangaliwe wakati wa kurudi. Waongozaji walipwe. Yule mzee angekuwa na mshahara wa kueleweka asingegawa urithi wa babu zake ili apate bakshishi. Anaijua Kilwa kuliko sisi sote tuliokuwa naye, alitueleza lile birika la pembe nane la Husuni Kubwa mpaka nikasahau jua.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mnaosema "wazungu walichukua vingi zaidi", ndiyo, na hilo halikupi wewe haki ya kumalizia. Anayeuza hereni na kuniandikia faragha kwamba namharibia riziki, dada yangu, nunua sahani mpya sokoni uivunje, rangi utaipata ile ile.

Kuna ndugu mmoja amesema ana vipande vinne kabatini tangu 2016 na anaona aibu. Nimemwuliza alivitoa wapi hasa, ufukweni, kwenye kasri la Makutani au Husuni. Hakumbuki. Nimemshauri asivirudishe kimya kimya kuvitupa popote kisiwani maana atavuruga zaidi. Avipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale na karatasi inayosema hajui vilikotoka.

Mwenye kujua barua yangu niielekeze kwa nani zaidi ya pale nilipofukuzwa, aniambie hapa hapa. Imeshaandikwa, kurasa mbili, na picha za ule mkoba nimeziambatisha, sura ya mwenyewe nimeifuta.