Kijana wangu wa miaka 15 ana usonji, ndugu wanataka kumpeleka bweni. Nitajuaje yeye mwenyewe anataka nini?

MamaKijana_Tanga ameandika:

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba mawazo ya wazazi na walimu wanaoishi na vijana. Ushauri mwingi ninaoupata ni wa watoto wa miaka minne.

Mwanangu ana miaka 15. Ana usonji na ulemavu wa akili, anasoma kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga. Maneno yake mwenyewe ni machache: maji, twende, basi, bibi, na jina la mdogo wake. Mengine ni kurudia anachosikia; matangazo ya redio huyatoa yote bila kukosea, kwa sauti yake hiyo mpya nzito. Hajui kuandika namba. Lakini mama yangu anauza machungwa ya Muheza barazani, na kijana ndiye mpangaji wa mafungu. Matano matano, ya ukubwa mmoja, kikonyo juu. Mteja akichomoa moja kutoka fungu hili akaliweka kwenye jingine, anamshika mkono taratibu, anaurudisha, anapanga upya. Wateja wa mtaani wameshamjua, wanasubiri awape yeye.

Tatizo limekuja na ukubwa. Amenipita kimo. Akirukaruka na kupiga makofi kwa furaha, waliokuwa wakicheka zamani sasa wanavuta watoto wao pembeni. Makonda wanatuambia tusubiri gari lijalo. Tangu muhula huu uanze anajiuma mkono shuleni, mara nyingi inapokaribia saa sita, na usiku halali, anazunguka ndani. Shule wamesema amekuwa mkubwa mno kwa darasa lile. Kaka yangu, ambaye ametushika mkono tangu mume wangu afariki, amepata kituo cha bweni mkoa mwingine na yuko tayari kulipa. Kikao cha familia ni mwisho wa mwezi. Mjomba ana neno lake, bibi ana lake, shangazi zake wana yao, na mimi nina langu. Yeye hajaulizwa na mtu. Namuulizaje jambo kubwa hivi, na yeye hana maneno ya kunijibu?

Mzigua_Halisi:

Pole sana dada yangu. Mimi nasema usimpeleke mbali. Huko hutajua amekula nini wala amelala wapi. Nakuombea dua.

Mwalimu_wa_Kitengo:

Mama, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea Patandi kule Arusha, na nafundisha kitengo kama cha mwanao, ila mkoa wa Morogoro.

Naanza na huo mkono, kabla ya bweni na kabla ya kikao. Kijana ambaye hakuwa akijiuma, akaanza ghafla, mimi nafikiria maumivu kwanza. Jino, sikio, tumbo lililofunga choo. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii hii. Kutolala nako kaeleze hospitalini, na useme pia kama umewahi kumwona akikodoa macho bila kuitika, au akiamka amejikojolea wakati hana kawaida hiyo. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na ujana ni mojawapo ya umri ambao huanza. Ukiambiwa "ndiyo usonji wenyewe huo" kabla hata hajafunguliwa kinywa, omba aangaliwe. Akionekana mzima, nenda shuleni ukakae naye mpaka hiyo saa sita. Kengele? Foleni ya uji? Jua limegeukia dawati lake? Huwezi kulijua ukiwa nyumbani.

Sasa swali lako. Kijana wako anajibu, mama. Huo mkono wa mteja anaourudisha ni "sitaki" iliyo wazi kabisa, tena ya adabu. Kazi iliyobaki ni kuziandika "sitaki" na "nataka" zake zote ili watu wa kikao wazione. Chukua daftari, gawanya ukurasa safu nne: kuna nini wakati huo, yeye anafanya nini, tunadhani anasema nini, sisi tufanye nini. Zunguka nalo. Mpe bibi aseme, mpe mwalimu, na mdogo wake usimsahau. Ndugu wanaolala chumba kimoja hujua mambo ambayo sisi wakubwa hatuyaoni.

Kisha picha. Piga kwa simu vitu vya maisha yake mwenyewe: baraza la bibi, darasa, kitanda chake, bajaji, watu anaowajua. Nenda studio wakusafishie, bandika kila moja kwenye kipande cha boksi, funika kwa selotepu. Anza na maswali madogo ambayo jibu lake unaweza kumtimizia papo hapo: chai au maji, barazani au ndani. Akigusa picha ya baraza, mnatoka dakika hiyo hiyo, hata kama ulikuwa na mpango mwingine. Asipoona kwamba picha inaleta kitu, ataiona karatasi tu. Na badilisha pande kila mara, kwa sababu wapo wanaochagua siku zote iliyo kulia. Swali moja liulize siku mbalimbali, akiwa ameshiba na akiwa ametulia.

Bweni halichaguliki kwa picha ya mahali asipopajua. Lazima apaone. Mpeleke, akae nusu siku nawe ukiwepo, piga picha hapo hapo, rudini. Baadaye mwekee hiyo picha pamoja na ya nyumbani, utazame anafanya nini: anaishika, anaigeuza, anaondoka chumbani?

Mwambie na kaka yako, kwa heshima, kwamba haya si matakwa ya mwalimu mmoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 7 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na kusaidiwa kuyatoa kulingana na umri na ulemavu wake. Ibara ya 19 inazungumzia kuishi katika jamii na kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao.

MamaWawili_Dodoma:

Naheshimu aliyosema mwalimu, ila wenye watoto bweni tusionekane tumewatupa. Wangu yuko bweni na yuko vizuri. Nilikuwa peke yangu, nafanya kazi ya zamu, usiku nilikuwa namfungia ndani. Mahali alipo sasa ana rafiki, jambo ambalo mtaani kwetu hakuwahi kulipata. Lakini nilichagua pale ninapoingia muda wowote bila kupiga simu kwanza. Kituo kikikuambia "njoo siku ya wazazi tu", geuza gari. Uliza nani analala nao usiku, uliza wangapi kwa mlezi mmoja, kaone choo na jiko kwa macho yako. Na likizo zote anakuja nyumbani.

Baba_Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni baba wa msichana wa miaka 17, ana usonji na hajui kusoma. Huku Kenya, chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi kama wake hupanda kwa hatua: ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, kisha ufundi. Alipofika ya kabla ya ufundi wakamtia kazi ya kutunga ushanga. Wasichana wenziwe wote walikuwa ushanga. Akawa kila asubuhi akiona sare alala sakafuni.

Mamake ndiye aliyesema: huyu mtoto yuwapenda mbuzi ya nazi. Kweli. Nyumbani akikalia mbuzi hukuna nazi mbili tatu hajainua kichwa, na tui lake halina hata kipande cha kifuu. Tukaenda kwa mwalimu na video kwenye simu. Sasa siku za ufundi yuko jikoni pamoja na mpishi wa shule, na ushanga hakuna. Sakafuni halali tena. Dadangu, huyo wako na mafungu ya machungwa ana kazi tayari mkononi. Kabla hamjamtafutia mahali pa kumweka, tazameni hiyo kazi yaweza kukua vipi. Sokoni je? Dukani kwa mtu wa kupanga bidhaa? Mtu wa kukaa naye mwanzo apatikane tu.

Na gari pia. Wangu feri ya Likoni yuwaipenda, watu wengi ndio hawawezi. Twavuka baada ya msongamano wa asubuhi kuisha, twasimama pembeni, leso kichwani afunike masikio. Makonda muwatafute wawili watatu wa njia yenu, mjuane nao kwa majina.

MamaKijana_Tanga:

Allah awalipe kheri. Nimesoma kwa sauti, mama yangu akisikiliza. Daktari wa meno amemwona: gego la chini limetoboka na ufizi umevimba. Ameng'olewa. Tulimshika watu watatu na nisingependa kulisimulia, lakini hajiumi tena na amelala usiku. Kumbe saa sita ndiyo saa ya makande shuleni, na hayo ni ya kutafuna.

Daftari tumeanza. Mdogo wake kaandika: "Akivuta shati langu mara moja anataka twende. Akivuta mara mbili kuna mtu hamtaki." Sikulijua hilo.

Kaka yangu nimeongea naye. Hakukasirika, akauliza, "Sasa kikao tutakifanyaje naye ndani?" Ndilo swali langu na mimi. Mwalimu, atavuruga?

Mwalimu_wa_Kitengo:

Alhamdulillah kwa jino.

Kikao kifanyeni barazani kwa bibi, machungwa yakiwepo. Akae akipanga, mikono yake iwe na kazi. Akiondoka, aondoke, akirudi, mpisheni. Bandikeni karatasi ya manila ukutani yenye picha yake katikati, na sehemu tatu tu: tunachompendea, mambo yaliyo muhimu kwake, na namna bora ya kumsaidia. Anzeni na ya kwanza, na kila aliyekuja aseme neno, mjomba naye. Kikao kikianza na matatizo kitabaki kwenye matatizo mpaka magharibi. Msimzungumzie kama hayupo; kila linalosemwa, mtu mmoja amgeukie amwonyeshe picha inayohusika. Mdogo wake akae karibu naye, kwa ajili ya hilo shati.

Na jambo moja lisisahaulike, abaki nyumbani au aende. Kama bado unamwogesha wewe, anza kujiondoa. Kijana aliyezoea kuvuliwa nguo na yeyote anayemjia hatajua pa kukataa siku akivuliwa na mtu mbaya. Mwachie hatua ya mwisho kwanza, kujifuta na kuvaa, akiiweza mwachie inayotangulia, hivyo hivyo mkirudi nyuma. Picha za hatua zibandikwe bafuni kwa mpangilio. Mlango ufungwe, na mjifunze wote kubisha. Siku atakayobisha yeye mlango wako, iandike kwenye daftari.

Bweni lisiamuliwe siku hiyo. Mkubaliane tu nani atampeleka kupaona, na lini.

MamaKijana_Tanga:

Mjomba wake amesema atampeleka yeye. Nimemwambia achukue daftari.