Curry akifika miaka 39: alipwe kama Kobe, apunguze kama Duncan, au aachwe kama Wade?

KochaLoleza

Wakuu, heshima kwenu. Jana jioni vijana wangu walibishana hadi mazoezi yakasimama. Mpira ulibaki umekaa chini ya ubao, wao wamejazana katikati ya uwanja wanapigana na hoja. Mkataba wa Stephen Curry, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, na klabu yake ya Golden State unaisha 2027, na wakati huo atakuwa ametimiza miaka 39. Je, klabu imwongezee mkataba mnono mwingine? Nimeona niulete hapa kwa watu wazima, maana hata mimi nilirudi nyumbani nikiendelea kuuwaza.

Kwanza pesa yenyewe. Mwaka wa mwisho wa mkataba huo ni dola milioni 62.6. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa msimu mmoja, mtu mmoja. Na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, si kama soka letu ambapo tajiri akiamua anatoa mfukoni na mchezaji anakuja. Kule kuna ukomo wa mishahara. Msimu wa 2025/26 ukomo ni dola milioni 154.6 kwa timu nzima, na Curry peke yake anachukua 59.6. Timu inaruhusiwa kuupita ikiwalipa wachezaji wake yenyewe, lakini ikizidi kiwango fulani juu ya ukomo inatozwa kodi. Tena makubaliano ya 2023 kati ya ligi na wachezaji yaliweka mstari mwingine juu zaidi. Ukiuvuka huo huwezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ubadilishane na timu nyingine upate mmoja mkubwa. Kwa hiyo dola unayompa mzee, kuna mtu mwingine umemnyima.

Zipo njia tatu ambazo wakubwa wengine walipitia.

Kobe Bryant, Novemba 2013: Lakers walimwongezea miaka miwili kwa dola milioni 48.5. Aprili ya mwaka huo kano yake ya kisigino ilikatika, na siku anasaini hakuwa amerudi uwanjani hata kwa mechi moja. Alirudi Desemba, akacheza mechi sita, goti likavunjika. Mkataba mpya ulipoanza, Lakers walishinda mechi 21 kati ya 82. Msimu uliofuata, 17.

Tim Duncan wa San Antonio, 2012: alikuwa akilipwa kama dola milioni 21 kwa mwaka, akakubali kushuka hadi chini ya nusu. Timu ikabaki na watu. 2013 wakafika fainali, 2014 wakachukua ubingwa.

Dwyane Wade, 2016: Miami hawakumpa alichotaka, akaenda Chicago kwa dola milioni 47 za miaka miwili. Mtu aliyewaletea makombe matatu.

Msimamo wangu: Curry alipwe, tena vizuri, ila mwaka mmoja mmoja, na msimu uishe kwanza ndipo kalamu ishikwe. Kosa la Lakers halikuwa ukubwa wa pesa. Walilipia mguu ambao hawajauona ukikimbia.

Uyole_Gunia

Kocha umenena. Hapa Uyole mnunuzi wa viazi hafungi bei kabla gunia halijafunguliwa. Juu vinaweza kupangwa vizuri vikubwa vikubwa, ukimwaga unakuta vya chini vimeoza. Lakers walinunua gunia likiwa limeshonwa, tena lumbesa.

Dereva_Kitonga

Mimi namtetea Kobe, na sitabadilika. Ile mechi yake ya mwisho, Aprili 2016, kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 14, saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nimelaza gari Makambako, mvua inanyesha, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Pointi 60! Mwili umechoka, unamwona kabisa akishika magoti kila filimbi ikilia, lakini robo ya nne Utah wanaongoza na yeye anaendelea kufunga mpaka wanapitwa. Nilichelewa kuondoka na wala sikujali.

Sasa niambieni, bila Kobe zile misimu mbili mbovu za Lakers nani angezitazama? Klabu ilikuwa na mkataba mkubwa wa televisheni ulioanza 2012, wa miaka 20. Wenye televisheni walilipia sura ya Kobe. Halafu mtu anasema hakustahili milioni 48.5.

Mnyalu_Gangilonga

Kamwene wakuu. Kaka dereva, nakuheshimu, ila siku ile ya pointi 60 alirusha mpira mara 50. Sawa, ilikuwa sherehe ya kumuaga. Lakini msimu mzima ule mitupo yake iliyoingia ilikuwa chini ya asilimia 36, na kijana yeyote wa Lakers aliyekuwa akijifunza kazi alijifunza akiwa amesimama pembeni, mikono mitupu.

Niwape la kwetu. Timu yetu ya mtaa hapa Iringa tulikuwa na senta wa miaka 41, mtu mwema, ndiye aliyetufundisha wote. Tulimpenda kiasi kwamba kila mpira wa mwisho ulikuwa wake. Mwaka wa pili vijana wawili wazuri waliondoka kimya kimya, mmoja akaacha kabisa mpira. Yule mzee mwenyewe alikuja kusema baadaye, "Mngeniambia nikae." Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia. Hakuna aliyekuwa mbaya katika hadithi hiyo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo mimi niko na njia ya Duncan. Mchezaji mwenyewe apunguze.

Kijana30

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kwa niaba ya sisi tuliokulia kwa Curry.

Mnazungumza kama vile klabu inamfanyia hisani. Mwaka 2012 vifundo vya miguu vilikuwa vinamsumbua, akasaini miaka minne kwa dola milioni 44. Katika huo mkataba akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2015 na 2016, wakachukua ubingwa wa 2015, wakashinda mechi 73 katika msimu mmoja. Msimu wa 2016/17, aliolipwa milioni 12 na ushee, nyota mwingine, Kevin Durant, alikuja akilipwa milioni 26. Durant aliingia kwa sababu Curry alikuwa wa bei rahisi. Ameshapunguza tayari! Aliipunguzia klabu alipokuwa na miaka 24, sasa mnamtaka apunguze tena akiwa na 39?

Wana deni.

KochaLoleza

Marahaba mwanangu. Hoja nzuri, na ndiyo iliyosimamisha mazoezi jana. Lakini deni lilishalipwa. 2017 walimpa miaka mitano kwa dola milioni 201, katika NBA hakuna aliyewahi kusaini mkataba mkubwa hivyo kabla yake. 2021 wakaongeza minne kwa 215. Deni likilipwa mara mbili linakuwa kitu kingine, na mimi nataka tukiite jina lake: ni shukrani. Shukrani ina nafasi yake, ila usiiandike kwenye hesabu za mshahara ukadhani ni mchezo wa msimu ujao.

Dada_Fizio

Naomba tuangalie mwili kwanza, maana mmeupita haraka.

Kano ya kisigino ndiyo inayokusukuma kutoka ardhini. Kobe alikuwa mtu wa kuruka, kusimama ghafla, kugeukia mgongoni na kuruka tena. Ilipokatika dhidi ya Golden State alitembea mwenyewe hadi kwenye mstari akafunga mitupo yote miwili ya adhabu, halafu ndipo akatoka. Watu wanakumbuka ushujaa. Mimi nakumbuka kwamba alikuwa na miaka 34, na tishu ya umri huo inapona lakini hairudi ilivyokuwa.

Curry ni mwili mwingine. Hategemei kuruka juu ya mtu. Mtazameni anapokuwa hana mpira: anatoa pasi, anakimbia nyuma ya mwenzake wa kwanza, anageuka, anapita nyuma ya wa pili, na mabeki wawili wanamfuata hadi pembeni. Hapo mwenzake Draymond Green anabaki na mpira, wao wako wanne dhidi ya watatu, na Curry hajagusa chochote. Huo mvuto hauzeeki upesi, kwa sababu unatokana na hofu ya beki.

Ila una gharama, nayo ni mbio. Mtupo wake unaanzia miguuni. Miguu ikichoka mpira unakuwa mfupi, unagonga chuma cha mbele. Mei 2025 walipocheza na Minnesota, msuli wa nyuma ya paja uligoma katika mechi ya kwanza. Walishinda ile mechi, kisha wakapoteza nne mfululizo bila yeye. Mnaweza kuisoma kwa namna mbili: kwamba bila yeye hakuna timu, au kwamba timu imejengwa juu ya msuli mmoja wa mtu mzima. Zote mbili ni kweli, na ndiyo maana mimi nisingempa miaka mitatu kwa namna yoyote.

MitumbaMwanjelwa

Nasema kutoka kwenye meza yangu. Nikifungua belo likatoka jezi la namba 30 la rangi ya bluu, halifiki mchana. La 24 la Kobe vilevile, mpaka leo. Za wachezaji wengine wa timu hizo hizo zinakaa hadi nishushe bei. Kijana wa Mwanjelwa ambaye hajawahi kuona mechi nzima anajua namba 30 ni ya nani.

Wenye Golden State waliinunua klabu 2010 kwa dola milioni 450. Leo inathaminiwa kwa mabilioni, na wana uwanja mpya tangu 2019. Ukiuliza anastahili milioni 60 kwa mwaka, kibiashara mbona hata swali halipo.

Mnyalu_Gangilonga

Dada wa mitumba, jezi haikabi. Lakini nakubali upande wa biashara una nguvu. Tatizo ni lile alilosema Kocha: faida ya uwanja na jezi inaingia mfukoni mwa mwenye klabu, ila mshahara unakaa ndani ya ukomo wa timu. Mifuko miwili tofauti. Hapo ndipo wazee wanapoponza timu zao bila kosa lao.

Na kwa haki niseme pia: kupunguza si dawa peke yake. Dirk Nowitzki wa Dallas alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 25 tu mwaka 2014, akiwa na uwezo wa kupata zaidi. Nafasi aliyoiacha wakampa Chandler Parsons, milioni 46 kwa miaka mitatu. Magoti ya Parsons yakamsumbua, na katika misimu miwili aliyokaa, Dallas hawakuvuka raundi ya kwanza ya mtoano hata mara moja. Dirk alitoa pesa yake, viongozi wakaitumia vibaya. Nilipoikumbuka hiyo nikapunguza ukali wangu kuhusu Curry.

Mtukuyu

Wengi mnasahau tulianzaje kumfuatilia huyu kijana. 2009, timu za NBA zilipochagua chipukizi wapya, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis. James Harden wa tatu. Curry wa saba. Huku Tukuyu tulimshangilia Hasheem bila hata kujua hao wengine ni nani, na mimi bado najivunia siku ile.

Ninachotaka kusema: mwanzoni wote wanabahatisha, hata wenye kompyuta na maskauti. Kwa Curry mwishoni hakuna kubahatisha. Wana misimu zaidi ya 15 ya kumsoma. Ukimnyima mtu unayemjua hivyo, ukazipeleka pesa hizo kwa usiyemjua, umerudi 2009.

Dereva_Kitonga

Ndaga fijo Mtukuyu. Na mimi niongeze: lori la miaka 20 lililotunzwa linapanda mlima Kitonga huku jipya lenye dereva mbovu limeegeshwa na mawe chini ya tairi.

Dada_Fizio

Ni kweli kaka, ila hata lori hilo unalikagua kabla ya kila safari.

Kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyeitaja. Chris Paul, 2021, akiwa na miaka 36, alisaini Phoenix miaka minne hadi dola milioni 120. Mnaona ni wazimu. Lakini mwaka wa tatu ulikuwa na dhamana, yaani pesa ambayo lazima alipwe hata akiachwa, ya karibu nusu tu, na wa nne haukuwa na dhamana kabisa. Akiwa mzima analipwa zote. Mwili ukikataa, klabu inatoka bila kuumia sana. Mkataba huo huo ulihamia Golden State, akawachezea msimu wa 2023/24, na Juni 30, 2024 wakamwachia kabla ule mwaka wa mwisho haujawabana. Kwa hiyo klabu ya Curry inaijua karatasi hiyo vizuri.

KochaLoleza

Hapo dada umenisogeza. Nilikuja na mwaka mmoja mmoja, sasa naweza kukubali miwili: wa kwanza wote, wa pili dhamana nusu, uamuzi ufanywe baada ya msimu wa kwanza kuisha. Mzee anapata heshima ya kujua kesho yake, klabu inapata nafasi ya kufungua gunia.

Kijana30

Kocha, na nani ataibeba hiyo karatasi hadi mezani kwa Curry? Paul alipita tu pale msimu mmoja. Huyu mwingine hajawahi kuvaa jezi nyingine tangu 2009.

KochaLoleza

Aibebe mwenye klabu mwenyewe, asitume mtu. Mnyalu ametuambia gharama ya kukaa kimya. Jumamosi saa tatu uwanjani, mwanangu, uje na hoja yako uwaeleze wenzako kama ulivyoandika hapa.