Mkataba wa kufuta ushuru ulipanuliwa Nairobi, mbona simu inayoshuka Kilindini inatozwa hivi?

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo.

Jumamosi alikuja dukani kwangu Mwembe Tayari, Mombasa, mama mmoja muuza mahamri, akitaka simu janja ya bei nafuu ya mwanawe aliyeitwa chuoni. Alifungua fundo la leso, akahesabu noti mara mbili juu ya kioo cha kabati, zikapungua shilingi 2,300. Aliishika ile simu kitambo, akairudisha, akaondoka na mulika mwizi, ile simu ya vitufe isiyo na intaneti ya maana. Hizo 2,300 hazikuwa faida yangu. Mimi nilikwisha kupunguza hadi nikabaki na shilingi 300.

Simu ikifika bandarini na thamani ya shilingi 10,000, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500. Juu ya hizo 12,500 huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ulioletwa na Sheria ya Fedha ya 2022, yaani 1,250. Kisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 hupigwa juu ya yote hayo, 2,200 nyingine. Jumla ni 5,950, kabla ya ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli na malipo ya wakala wa forodha. Huku ni kutoza kodi juu ya kodi, ilhali mwaka 2009 serikali iliweza kuiondoa VAT kwenye simu, kisha ikairudisha 2013.

Kinachonichoma zaidi ni Mkataba wa Teknolojia ya Habari wa Shirika la Biashara Duniani, uliotokana na tamko la Singapore la Desemba 1996, ambao nchi zilizomo hufuta kabisa ushuru wa forodha kwenye kompyuta, simu na vipuri vyake vingi. Desemba 2015 uliongezewa bidhaa 201, na mkutano wenyewe ulifanyika Nairobi. Tuliwapokea wageni, tukawatandikia majamvi, na sisi wenyewe tukabaki nje ya mkataba. Majirani zetu wa bahari hii hii, Mauritius na Shelisheli, wamo.

Najua tutaambiwa kwamba wanalindwa wanaounganisha simu hapa nchini. Nawatakia heri kwa dhati, lakini vioo, betri na chipu zao nazo zinatoka ng'ambo, na gharama ya ulinzi huo haifai kubebwa na muuza mahamri. Serikali hiyo hiyo ilitangaza Juni 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen, tovuti yake ya huduma za mtandaoni. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, nao watu wa Majengo hawana cha kuipokelea.

Nataka ushuru wa bidhaa kwenye simu ufutwe, na Kenya ijiunge na mkataba huo. Wenzangu mnaoagiza mizigo, wekeni hapa hesabu ya shehena yenu ya mwisho, mkificha majina. Naandika barua kwa kamati ya fedha ya Bunge, nami sitaki kwenda na hesabu ya duka moja.