Prezida wa kamati ya sanaa na urithi anatoka: tumshukuru namna gani?

Sekretere wa Kamati

Jambo bandugu wa Lubumbashi. Mama Prezida wa kamati yetu ya sanaa na urithi wa mji anaachia nafasi mwisho wa mwezi huu, na kazi ya kuandaa shukrani nimepewa mimi. Wenzangu wanataka kikwembe (kitenge cha sare), keki na picha ya pamoja, basi. Mimi sitaki aondoke na maneno ambayo angeweza kuambiwa mtu yeyote.

Alipoanza, ukisema urithi wa mji huu watu walikuonyesha kanisa kuu la Petro na Paulo, sinagogi, au lile jumba la teatri. Yeye alituingiza komini za Kamalondo, Kenya na Katuba, hapa hapa mjini, nyumba kwa nyumba, kutafuta zile picha za ukumbusho zilizochorwa kwa rangi, ambazo familia zilinunua miaka ya 1970 zikatundika sebuleni: mamba muntu (yule mwanamke mwenye mkia wa samaki), Lumumba, askari wa koloni akimchapa mfungwa fimbo. Katuba bibi mmoja alimtolea picha kutoka nyuma ya kabati. Mama Prezida aliigeuza kwanza. Akapitisha kidole kwenye kitambaa, mfuko wa unga, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka. Halafu akauliza: mlinunua kwa nani, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini? Bibi alisema mpaka mkono wangu ukachoka kuandika. Picha tuliiacha kwake, ukutani safari hii. Ndiyo ilikuwa sheria ya Mama: hatuchukui kitu cha mtu, tunaandika na kupiga picha, kisha tunamrudishia nakala.

Mtu wa namna hiyo unamshukuruje?

Yaya wa Kenya

Mdogo wangu, kikwembe usikidharau. Kama kamati nzima mmevaa sare moja naye, mmemwambia ni wenu hata akitoka. Na bukari (ugali) iwepo, na samaki. Hotuba ndefu kwa watu wenye njaa haifiki popote.

Mgonga Shaba

Mtengenezeeni sahani ya shaba, huu ni mji wa shaba. Lakini mkitaka iwe nzuri msilete maneno mengi. Karatasi ya shaba tunaichoma ilainike, tunailaza kifudifudi, tunagonga kwa nyuma ili sura itokee mbele. Herufi inabidi tuzigonge kinyume, na zikiwa ndogo zinavimba, hazisomeki. Sura moja, mstari mmoja wa maneno. Na tafadhali isiwe tena msalaba wa shaba, kila mgeni anayepanda ndege anaondoka na huo. Mgongeeni kitu alichokifanya yeye.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, umeuliza vema. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya uchoraji hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Pilipili Mulongoy, Bela aliyepaka rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga, wote walipita pale, na majina yao yako kwenye vitabu hadi Ulaya. Waliopaka picha za sebuleni waliuza mlango kwa mlango, na wengi hakuna aliyewaandika popote. Mama huyu aliwauliza majina. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo kazi yake yote.

Kwa hiyo siku hiyo msimsomee wasifu wake, anaujua. Fungueni daftari lenu msome majina ya wachoraji mliowapata, na nyumba zilizotunza picha zao. Walio hai waalikwe, wakae mbele, pamoja na yule bibi wa Katuba. Na nakala ya daftari iende jumba la makumbusho la taifa, nyingine chuo kikuu, kabla prezida mpya hajabadilisha makabati.

Sekretere wa Kamati

Papa Mwalimu, asanti sana. Nimeanza kupanga majina kwa komini, na mjukuu wa bibi wa Katuba amekubali kumleta. Yaya, kikwembe kimeshinda, wenzangu wamefurahi.

Mgonga Shaba, nataka sura ya mikono miwili imegeuza picha, upande wa nyuma uko juu, na mstari huu: "Mlinunua kwa nani?" Unatosha, au nipunguze? Nikikuletea mchoro Jumatano, utawahi?