Natafuta kisiwa kidogo na kimya Ugiriki, naombeni ushauri

Binti Msasani
Wakuu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, pasipoti zetu za Tanzania, vibali vya ukaazi vya Ujerumani. Mwezi wa tisa tuna likizo ya wiki moja na ushee, tunataka kisiwa cha Ugiriki ambacho hakijavamiwa. Santorini na Mykonos hapana, nimeona picha za foleni inatosha. Nataka usiku nisikie bahari, asubuhi nitembee kwa miguu, na mwenye mgahawa aniambie leo wavuvi wameleta nini. Mume wangu anahofia siku ya pili atakuwa ameshaboreka. Nimesoma habari za Tilos na Iraklia mpaka kichwa kinazunguka. Kipi kati ya hivyo, na kinafikikaje? Bajeti ya watu wa mshahara.

Baharia Mstaafu
Dada, nimekaa Piraeus, bandari ya Athens, miaka mingi kwa kazi za meli. Nendeni Tilos. Kiko kati ya visiwa vya Rhodes na Kos, na hakina uwanja wa ndege, ndiyo maana kimetulia: mtu wa mapumziko ya siku mbili tatu hana muda wa kusubiri meli. Pandeni ndege mpaka Rhodes, mlale hapo usiku mmoja, kisha meli, mwendo wa saa mbili hivi au zaidi kidogo kutegemea chombo. Kutoka Piraeus pia inawezekana, lakini ni usiku kucha na kukicha bado mko majini. Kwa likizo fupi msijitese.

Sasa shika hili. Meli haiji kila siku. Tazama kwanza ratiba ya meli, tiketi ya ndege ifuate. Na siku ya kurudi, tokeni kisiwani angalau siku moja kabla ya ndege yenu. Kiangazi kuna upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, unakaza sana Julai na Agosti. Ukipita kiwango, mamlaka ya bandari inazuia meli, na hapo hata ulie vipi hutoki. Mwezi wa tisa mmechagua vizuri; upepo unaanza kulegea, bahari bado ina joto.

Kobe Msafiri
Naunga mkono Tilos, na shemeji asiwe na wasiwasi. Kuna njia za miguu kisiwa kizima. Kutoka bandari ya Livadia mnaifikia fukwe ya Lethra chini ya saa moja. Juu ya Livadia kidogo kuna Mikro Chorio, kijiji kilichohamwa. Watu waliteremka kuishi Livadia baada ya vita, na kufikia miaka ya 1960 kilikuwa kitupu. Kuta zimebaki, mbuzi ndio wenyeji. Halafu sisi watu wa Serengeti tutashangaa: mwaka 1971 kwenye pango la Charkadio ilichimbwa mifupa ya tembo wadogo walioishi hapo kisiwani. Kuna basi la kwenda kijiji cha Megalo Chorio na fukwe ya Eristos, gari la kukodi si lazima.

Mnyonge Msonge
Kwa nini msirudi nyumbani mkaenda Mafia? Kimya bure, na hela inabaki nchini.

Binti Msasani
Mkuu, nyumbani tunakuja kila Desemba. Kimya gani? Harusi, michango na wageni mpaka siku ya kuondoka 😂

Zuhura wa Tabora
Mimi nitapinga. Kama kweli unataka kimya, Iraklia. Unafika kisiwa cha Naxos, unapanda Express Skopelitis, ile meli ndogo inayopita visiwa vidogo kuelekea Amorgos. Vijiji viwili tu, Agios Georgios bandarini na Panagia juu, fukwe ya Livadi, na njia ya kwenda pango la Mtakatifu Yohana. Basi. Beba dawa ya kichefuchefu.

Baharia Mstaafu
Dada Zuhura, Iraklia ni pazuri, sibishi. Ila kwa mtu anayeogopa kuboreka, wiki nzima pale ni ndefu. Tilos kuna kimya na kuna pa kwenda.

Mmanga wa Unguja
Assalaam alaykum. Niko Muscat, nami nauota mpango huu. Kwa sisi Waislamu chakula kikoje?

Baharia Mstaafu
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nyama ya halali usiitegemee kisiwa kidogo. Lakini samaki wapo, na Waorthodoksi wana mifungo mingi, kwa hiyo uliza vyakula vya mfungo, wanaviita nistisima: dengu za kuchemsha, mboga za porini kwa limau na mafuta ya zeituni. Pweza agiza wa kuchoma, maana wa mchuzi mara nyingi hupikwa kwa divai.

Juma Ilala
Na sisi tulioko Dar, viza?

Kobe Msafiri
Schengen, mkuu, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje dakika ya mwisho. Dada na shemeji wao vibali vya Ujerumani vinawatosha, wabebe kadi pamoja na pasipoti.

Binti Msasani
Asanteni sana. Tilos imepita, mume wangu ameshikwa na hao tembo. Kuna jambo dogo dogo ambalo hamjalisema?

Baharia Mstaafu
Beba pesa taslimu ya kutosha tangu Rhodes. Viatu viwe vya kushika mawe, si kandambili. Taka utaambiwa uzitenganishe, usibishane nao, wamejitahidi sana kwa hilo, na umeme wao sehemu kubwa unatokana na upepo na jua. Na karatasi ya chooni usiitumbukize chooni, tia kwenye kopo la pembeni. Mabomba yao membamba. Mweleze na shemeji.