Pazia la nyuma ya maharusi: shifoni, oganza au voili?

Mama Mapambo: Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Nina kazi ya kupamba steji, ukuta wa nyuma upana mita 6 kwenda juu mita 3, ni matofali matupu na soketi zinaonekana, na bibi harusi anataka kitambaa cheupe chepesi chepesi. Kazi iliyopita niliweka oganza, kuikunjua tu ina mistari kama karatasi iliyokunjwa, halafu kwenye picha ikamulika nyuma ya vichwa vya maharusi, niliumia sana. Sasa nichukue nini na mita ngapi?

Fundi Marinda: Pole dada. Oganza ni ngumu na inang'aa, iache kwa mafundo ya viti. Pazia la kushuka hadi chini ni shifoni, au voili kama hutaki mng'ao kabisa. Ila kosa kubwa watu wanapima ukuta wanaenda dukani, kitambaa kinavutwa kinakaa kama shuka kwenye kamba!! Zidisha upana mara 2, ukiweza mara 3. Kwako mara 3 ni mita 18, jora la upana wa mita 1.5 unapata vipande 12, kila kimoja kata mita 3 na nusu ubaki na ya pindo la juu la kupitishia bomba na la chini, jumla mita 42. Bajeti ikibana fanya mara 2, vipande 8, mita 28.

Mama Mapambo: Na zile soketi si zitaonekana?

Dada Taa: Zitaonekana, shifoni peke yake haifichi kitu. Tanguliza kitambaa kizito cheupe, shifoni ije mbele, acha nafasi kama kiganja katikati na taa za LED uzilaze chini humo humo, marinda yanapata kivuli yanapendeza mno. Mishumaa hapana jamani, vitambaa hivi vinashika moto haraka. Na omba kipande cha kitambaa cha gauni ukilinganishe chini ya taa za ukumbini, maana gauni la krimu mbele ya pazia jeupe pe linaonekana limechakaa.

Mama Mapambo: Hilo la gauni sikuwaza kabisa, asanteni sana. Pasi je?

Fundi Marinda: Mvuke tu, kikiwa kimeshatundikwa, vitambaa hivi vingi ni poliesta, pasi ya moto inaviyeyusha. Tundika usiku wa kuamkia shughuli, mikunjo mingine inajinyoosha yenyewe.